Barua Tusizoziomba: Kutoka Barua ya Makka hadi Namba 15040



Neno "barua taka" limeingia katika Kiswahili bila kupigiwa ngoma. Watafsiri wa programu za barua pepe walihitaji jina la ule ujumbe unaomwagwa kwa maelfu ya watu wasiouomba, wakaunganisha maneno mawili, na leo jina hilo limo katika simu zetu. Kwa Kiingereza ujumbe wa namna hiyo huitwa kwa jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, kwa sababu ya mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza wa mwaka 1970, ambamo nyama hiyo ilitajwa katika kila chakula mpaka mazungumzo yakazama. Sisi hatukuhitaji kopo wala kichekesho. Mwanzoni, nakiri, neno letu sikulipenda. Nililiona la jalalani mno. Baadaye nikatambua kwamba limebeba fumbo. Taka, nomino, ni uchafu unaofagiliwa. Taka, kitenzi, ni kuhitaji au kutamani. Nomino inatuambia kwamba barua hii ni uchafu. Kitenzi kinauliza: ni nani aliyeitaka?

Swali hilo la kitenzi ndilo ninalokusudia kulifuata hapa kwa njia ya historia. Sitashughulika sana na wanaotuma, maana hao wameandikwa vya kutosha. Nataka kumtazama mpokeaji pale anapolalamika: malalamiko yake humfikia nani, na aliyefikiwa hufanya nini? Ninayo sababu yangu binafsi ya kuuliza, nayo si ya kujivunia. Nitaieleza mahali pake.

Hapa Songea tunapozungumzia mwanzo wa karne ya 20 tunaanza na Majimaji, na hatuna namna nyingine. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu, na kila mwaka siku hiyo tunakwenda pale kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Vita vikaisha mwaka 1907, vikaacha njaa na mahame. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeshinda, lakini ilikuwa na hofu ya mshindi aliyeshtukizwa: kwamba maneno yaliwahi kupita kijiji hadi kijiji, kwa minong'ono, bila boma kuyasikia.

Katika hali hiyo, mwaka 1908, zikaanza kuonekana nakala za barua moja katika mji wa Lindi, na kisha katika miji mingine ya koloni. Imeingia katika vitabu vya historia kwa jina la Barua ya Makka. Ilidai kueleza ndoto ya Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume, ambaye anasemekana aliambiwa usingizini kwamba Waislamu wameiacha njia, kwamba Kiyama kimekaribia, na kwamba watu watubu. Hayo ni mawaidha, na mawaidha hayana ubaya. Lakini barua hiyo ilikuwa na mkia, na nguvu yake yote ilikuwa mkiani: anayeinakili na kuipeleka mji mwingine atapata fadhila kubwa, na anayeificha au kuipuuza atapata hasara. Kila mpokeaji aligeuzwa kuwa mtumaji.

Barua yenyewe haikuwa ngeni duniani. Mtaalamu Mholanzi Snouck Hurgronje alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1884 kuhusu wasia wa namna hiyo hiyo uliozunguka katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Mjerumani Carl Heinrich Becker, aliyeandika kuhusu Uislamu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1911, naye aliishughulikia barua ya kwetu. Kwa hiyo ilipofika Lindi ilikuwa imeshazunguka bahari kwa zaidi ya miaka 20. Boma, hata hivyo, halikuona karatasi kongwe inayozunguka. Liliona Majimaji nyingine.

Tazama basi jinsi lilivyoshughulikia. Likatafuta mtumaji wa kwanza. Shaka ikaelekezwa Unguja, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara wa zamani wa Ujiji aliyekuwa amepigana na Wajerumani kabla ya kurudi visiwani. Baadhi ya wanahistoria waliofuata wameikubali shaka hiyo. Wengine wameitazama barua zaidi kama dalili ya uamsho wa dini baada ya vita. Mimi nayaacha hayo kwa wenyewe. Linalonigusa ni mahali alipowekwa mpokeaji. Kuwa na nakala mkononi kukawa jambo la kutiliwa shaka, na wako waliohojiwa na kutiwa nguvuni. Mtu aliyeletewa karatasi hiyo barazani, akaisoma, asiipende, angeipeleka wapi? Akienda bomani, swali la kwanza lingekuwa: umeipata kwa nani? Akikaa nayo, ni mshukiwa. Akiichana, amekaidi jina tukufu lililoandikwa juu yake. Akiinakili, amejiokoa na laana, na jirani yake amepata taabu ile ile. Wengi, naamini, walichagua hilo la mwisho.

Miaka mingi baadaye Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika waraka wa kuikanusha ndoto hiyo, akieleza kwamba ni uzushi na kwamba Mwislamu hana wajibu wa kuinakili. Katika kisa chote hiki naona hilo ndilo jibu la kwanza lililomlenga mpokeaji mwenyewe: likamwambia kwamba ana ruhusa ya kuacha.

Kizazi changu kiliikuta barua hiyo imevua kilemba. Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni katika miaka ya 1970, tulizipokea kwa posta barua zisizo na jina, nyingine zikitaja watakatifu, nyingine zikitaja bahati tu. Nakili mara tisa. Peleka kwa watu tisa. Fulani aliivunja akafa ajalini. Fulani aliitimiza akapata mali. Niliipokea moja nikiwa kidato cha pili. Nilitumia fedha ya sabuni kununua stempu, nikanakili tisa usiku kwa mwangaza wa kibatari, na mwandiko wangu wa kuanzia nakala ya sita ulikuwa wa kutisha kuliko laana yenyewe. Sikumlalamikia mtu. Posta ilikuwa na wajibu wa kufikisha barua yenye stempu, haikuwa na wajibu wa kujua kama mwenye sanduku anaitaka. Kinga yetu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa umaskini: karatasi ilikuwa ghali, stempu ilikuwa ghali, na barabara ya kutoka Makambako ilikuwa bado ya vumbi. Mtumaji alilipa kabla ya mpokeaji kusumbuka.

(Nisije nikaambiwa nimesahau salamu za redio. Zile kadi za Radio Tanzania zilikuwa na orodha za majina marefu kama ukoo wa kifalme, na msikilizaji aliyekuwa akingoja taarabu alilazimika kusikia kwamba fulani wa Mbinga anawasalimu wenzake 30. Lakini hilo hakuna aliyelilalamikia, kwa kuwa kila mmoja alitumaini jina lake limo.)

Kompyuta zilipounganishwa, umaskini huo ukaondolewa. Mwezi Novemba 1975, Jon Postel, mmoja wa wahandisi waliojenga misingi ya intaneti ya leo, aliandika waraka mfupi kuhusu tatizo la barua zisizohitajika. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba kompyuta inayopokea haina njia ya kuukataa ujumbe, nayo inapaswa kuwa na njia. Wakati huo tatizo lilikuwa karibu la kinadharia. Halikukaa hivyo. Mwezi Mei 1978 Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwaalika watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET kuja kutazama kompyuta mpya huko California. Anwani zilikuwa nyingi kiasi kwamba hazikutosha katika nafasi yake, zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Watu wakakasirika. Malalamiko yakaenda kwa wasimamizi wa mtandao katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani, nao wakawasiliana na wakubwa wake na kuonya kwamba jambo hilo lisirudiwe. Kijiji kilikuwa kidogo. Mzee wa kijiji alimwita mzazi, mzazi akamkanya mtoto.

Aprili 1994 kijiji kilikuwa kimekuwa jiji. Mawakili wawili, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel wa Arizona, walitangaza huduma yao katika maelfu ya makundi ya majadiliano kwa wakati mmoja. Tangazo lao lilihusu jambo ambalo Watanzania wengi tunalijua: ile bahati nasibu ya viza za kuhamia Marekani, ambayo vijana wetu waliijaza kwa miaka mingi. Maombi hayakuhitaji wakili, lakini wao walitaka ada. Mtu aliyekuwa akijadili maua, hesabu au mashairi alikuta tangazo hilo limeketi katikati ya mazungumzo yake. Safari hii hapakuwa na mzee wa kijiji wa kupigiwa simu. Walalamikaji wakawa umati, nao wakalijibu tangazo kwa maelfu ya barua, hata mitambo ya kampuni iliyowapa mawakili hao huduma ya intaneti ikaanguka tena na tena. Kampuni ikawafungia. Wao hawakuona haya. Waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine kufanya kama wao.

Hapo ndipo wahandisi walipolazimika kuyatengenezea malalamiko njia. Mwaka 1998 ukakubaliwa utaratibu wa kuiwekea kila barua ya halaiki alama iliyofichwa, inayoieleza programu ya mpokeaji namna ya kumwondoa katika orodha. Baadaye kikaja kitufe cha "barua taka". Wengi hudhani kitufe hicho ni pipa tu. Sivyo. Mpokeaji anapokibonyeza, mwenye huduma ya barua huhesabu, na hesabu hiyo huandikwa dhidi ya mtumaji kama alama za nidhamu katika daftari la mwalimu wa zamu. Wenye huduma kadhaa humrudishia mtumaji taarifa kwamba fulani amelalamika, ili jina hilo liondolewe. Mwaka 2010 ukachapishwa hata muundo maalumu wa kuandika taarifa hizo. Na kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo waliwataka wanaotuma kwa wingi mkubwa waweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, wamwondoe mtu ndani ya siku mbili, na wasifikie asilimia 0.3 ya malalamiko. Walalamikaji watatu katika kila barua 1,000. Wakizidi hapo, barua za mtumaji huanza kupotea njiani, hata zile zinazongojwa.

Sheria nayo ilikuja, ikichechemea. Marekani walitunga yao mwaka 2003. Sisi tulikuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 20 kinaufanya ujumbe usioombwa kuwa kosa. Na mwaka huo huo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ikamtaka mwenye kutangaza biashara ajitambulishe na ampe mpokeaji nafasi ya kukataa. Ni maneno mazuri. Mtu wa Mfaranyaki aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri na tangazo la mlio wa simu hakupanda basi kwenda mahakamani na kifungu cha 20 mfukoni.

Maana kwetu taka haikuja kwa barua pepe. Ilikuja kwa ujumbe mfupi wa simu, na ilikuja na njaa ya fedha. Baada ya fedha kuanza kutumwa kwa simu mwaka 2008, ukazuka ujumbe ambao sidhani kuna Mtanzania asiyeujua: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Mwandishi wake hakujui. Anawatumia maelfu, akitegemea kwamba miongoni mwao yupo mzazi aliyekuwa hivi sasa akienda kwa wakala kutuma ada. Kama mwalimu wa lugha, ninauheshimu ujumbe huo kwa shingo upande. Neno "ile" limefanya kazi yote. Kiashiria cha mbali, kinachorejelea jambo lililokwisha kuzungumzwa, kinampa msomaji kumbukumbu ambayo hakuwa nayo. Ndugu zake ni wengi: mzee wa kuita utajiri, mwenye nyumba aliyebadilisha namba, mtoto aliyevunja simu akiwa bwenini. Karibu wote huanza kwa baba, mama, mwanangu au mjukuu wangu. Wanaingia kwa mlango wa heshima, kwa kuwa ndio mlango ambao hatujazoea kuuweka komeo.

Malalamiko hayo yalikwenda wapi? Kwa muda mrefu, hayakwenda popote. Laini zilinunuliwa barabarani kama karanga, bila jina. Usajili ulianza Julai 2009, lakini majina mengi yaliyoandikwa yalikuwa ya kubuni au ya watu wengine. Nakumbuka nikiwa nimesimama kwenye foleni ya duka moja la huduma za simu, mbele yangu mama mmoja kutoka shamba akaeleza kwamba ametumiwa ujumbe, ametuma 80,000, na namba hii hapa. Kijana wa dirishani alimsikiliza kwa adabu, akamwambia, "Pole sana mama. Siku nyingine uwe makini." Akaita anayefuata. Nilisimama pale nikijua kwamba nimesikia boma la 1908 likizungumza kwa sauti ya upole. Barua imemfikia, basi kosa ni lake.

Hatua mbili zilibadilisha jambo. Mei 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mwisho wake, uliokuwa Desemba 31, uliongezwa hadi Januari 20, 2020, na sote tunazikumbuka foleni za ofisi za NIDA siku hizo, wazee wamekaa juu ya mawe. Namba ikapata mwenyewe. Hatua ya pili ilikuwa ndogo, nami naiona ya thamani zaidi: Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa namba 15040. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, unausogeza kwenda namba hiyo, unaulizwa namba iliyokutumia, unaiandika, basi. Huulizwi kwa nini umeupokea. Huhitaji kuwa umeibiwa kwanza. Malalamiko yamefanywa mepesi karibu sawa na taka yenyewe, na hilo, tangu Postel aandike mwaka 1975, ndilo lililokuwa likitafutwa.

Mamlaka hiyo na kampuni za simu zimekuwa pia na kampeni iitwayo Sitapeliki. Wapenzi wa sarufi watalifurahia neno hilo. Tapeli ni nomino. Watu wakaifanya kitenzi. Kitenzi kikavishwa kiambishi cha kutendeka na kukanushwa. Sitapeliki: kunitapeli hakuwezekani. Ni neno zuri, lina kidevu juu. Lakini kauli ya kutendeka ina tabia ya kumficha mtenda. Kikombe kimevunjika, nani amekivunja? Katika "sitapeliki" mtumaji ametoweka, na mzigo wote umebaki kwa mpokeaji na uimara wake. Ningelipenda neno la pili la kukaa kando yake, lenye kumtaja mtenda na anayemwajibisha.

Sasa niseme langu.

Nilipokaribia kustaafu nilianza kutuma kwa barua pepe, kila mwanzo wa mwezi, waraka wenye shairi moja na maelezo ya vina, mizani na maneno ya kale. Nilianza na watu 40, wakafika 214. Anwani nilizipata wapi? Nyingi nilizinakili kutoka katika karatasi ya mahudhurio ya sherehe moja ya kuagana, ambayo watu waliijaza kabla ya kupewa soda. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwuliza mtu. Nilikuwa mwalimu wao. Nilidhani somo halina kengele ya mwisho. Mpwa wangu akaniunganisha na kampuni inayotuma barua za halaiki, na mambo yakaenda miaka kadhaa.

Siku moja kampuni hiyo ikaniletea taarifa: mpokeaji mmoja ameiripoti barua yako kuwa taka, jina lake limeondolewa. Anwani ikaandikwa. Ilikuwa ya mwanafunzi wangu, mmoja wa wale waliokaa kiti cha mbele, sasa muuguzi.

Nilifanya lile lililofanywa na boma. Kwanza, nilimtafuta mkosaji, na mkosaji niliyemtafuta alikuwa mlalamikaji. Pili, nilimtangaza. Jioni ile niliandika kwa wote waliobaki, bila kutaja jina lakini kwa dalili zilizotosha, kwamba yuko mmoja wetu anayeliita shairi la Kiswahili kuwa uchafu. Kufikia kesho yake watu 11 walikuwa wamejiondoa. Watatu kati yao walibonyeza kitufe kile kile. Kampuni ikaniandikia tena, safari hii kwa onyo: walalamikaji wanne katika orodha ya watu 214 ni karibu asilimia 2.

Wiki mbili nilikaa na hasira, na siku ya kumi na tano nikampigia simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto wote wazima?"

"Wazima, Mwalimu. Na mama hapo nyumbani?"

Tulizunguka hivyo kwa dakika nzima, kila mmoja akijua kinachongojwa. Hatimaye yeye ndiye aliyekitaja. "Mwalimu, naomba radhi. Sikujua kwamba itakufikia. Nilibonyeza tu ili zisije tena."

"Kwa nini hukuniambia mimi mwenyewe?"

Akanyamaza kidogo. "Nilikuambia, Mwalimu. Mara mbili."

Nikamwambia sijapata kitu. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba basi nitazame. Akaongeza: "Angekuwa mtu mwingine ningemwambia sitaki. Lakini wewe, Mwalimu, ningekuambiaje?"

Nilitazama. Barua zilikuwepo zote mbili. Ya pili sikuwa nimeifungua. Ya kwanza nilikuwa nimeifungua, tena niliikumbuka vizuri, kwa sababu niliwahi kumsomea mke wangu kama mfano wa mwanafunzi mwenye shukrani. Ilianza na shikamoo, ikaniombea afya, ikalisifu shairi la mwezi ule, ikakumbuka siku nilipomfundisha tofauti ya vina vya kati na vya mwisho. Mistari 14. Katika mstari wa 15, baada ya "aidha", aliandika kwamba picha ninazoambatisha humaliza kifurushi chake cha intaneti, na kwamba, kama haitakuwa usumbufu, angeomba nimpumzishe. Nilisoma sifa nikafunga barua. Nimefundisha ufahamu kwa miaka zaidi ya 30, na huo ndio ufahamu wangu.

Tangu hapo nimeiangalia adabu yetu kwa jicho lingine. Kiswahili kina hazina kubwa ya kusema ndiyo kwa mkubwa na njia chache sana za kumwambia hapana, na hizo chache huwekwa mwishoni, baada ya "aidha", mahali ambapo mkubwa hafiki. Kitufe kile baridi, kilichobuniwa na watu wasioijua shikamoo, kilimpa binti huyo mlango ambao mimi sikumpa. Nililiona tusi. Nadhani sasa kwamba lilikuwa heshima iliyokosa mahali pengine pa kupita.

Nilivunja orodha yote. Niliwaandikia watu mara moja, nikawauliza nani anautaka waraka, nikasema kimya nitakihesabu kuwa hapana. Walijibu 63. Picha nimeziondoa, na maneno ya kujiondoa nimeyaweka mstari wa kwanza, juu ya shairi. Mpwa wangu alisema yanaharibu sura ya ukurasa. Yanaharibu kweli. Muuguzi hakuwa miongoni mwa 63, nami sijamwuliza.

Mwezi wa Ramadhani uliopita simu yangu ililia usiku. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mwalimu mstaafu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, mtu ninayemwamkia kwa mikono miwili. Nilipousogeza chini nikamkuta Sheikh Ahmad yule yule, ndoto ile ile, na mkia ule ule: watumie watu 20, ukipuuza utaona. Aliyeusambaza hakujali hata kwamba mimi ni Mkatoliki wa Peramiho. Sikuwatumia watu 20. Wala sikubonyeza kitu. Asubuhi nilimpigia, nikamwamkia, nikamwuliza habari za magoti, za mvua, za mahindi na za bei ya mbolea, na zilipokuwa zimebaki sekunde za kuagana nikasema, "Aidha, Mzee, kuhusu ule ujumbe wa jana."

"Ujumbe gani?" akauliza. Alikuwa ameletewa na mjukuu wake, akausogeza kwa majina yote yaliyokuwamo katika simu, wala hakuwa ameusoma hadi mwisho.